Maseneta 34 wanatosha: uchunguzi wa kumng'oa Rais wa Marekani na utii kwa chama

Septemba 12, 2023, Kevin McCarthy, wakati huo Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani kutoka chama cha Republican, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akatangaza kwamba kamati za Bunge zinaanza uchunguzi rasmi wa kumshtaki Rais Joe Biden wa chama cha Democratic. Hakuitisha kura. Siku 11 kabla alikuwa ameahidi kinyume: jambo zito namna hiyo, alisema, litaamuliwa na wabunge kwa kura ukumbini, si kwa tamko la mtu mmoja.

Miaka minne nyuma, Septemba 24, 2019, Spika alikuwa Nancy Pelosi wa chama cha Democratic na Rais alikuwa Donald Trump wa Republican. Pelosi naye alitangaza uchunguzi bila kura. Miongoni mwa waliokuja juu alikuwa McCarthy huyo huyo, akiongoza upande wa wachache. Alimwandikia Pelosi barua akimtaka asimamishe kila kitu mpaka taratibu zieleweke. Kibao kilipogeuka, Wademokrat wakawa wepesi kumkumbusha McCarthy maneno yake ya zamani, na Warepublikan wakagundua kwamba Katiba, kumbe, haidai kura yoyote ya kufungua uchunguzi.

Haidai kweli. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ina maneno machache sana juu ya suala hili. Bunge la Wawakilishi pekee ndilo lenye mamlaka ya kumshtaki Rais. Seneti pekee ndiyo inayoendesha kesi, na mshtakiwa akiwa Rais aliye madarakani, Jaji Mkuu wa Mahakama ya Juu ndiye anayekalia kiti. Makosa yanayotajwa ni uhaini, rushwa, na makosa mengine makubwa ambayo hakuna aliyeyaorodhesha. Kushtaki kunahitaji wingi wa kawaida tu wa kura za wawakilishi. Kutia hatiani kunahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, yaani 67 ikiwa wote 100 wapo. Adhabu ni kuvuliwa madaraka na, Seneti ikitaka, kuzuiwa kushika tena wadhifa wa serikali ya shirikisho. Habari ya jela ni ya mahakama za kawaida. Ndiyo maana Rais anaweza kushtakiwa na Bunge mchana na usiku akalala Ikulu kama kawaida. Imetokea kwa Andrew Johnson, kwa Bill Clinton, na kwa Trump mara mbili. Mpaka sasa hakuna Rais wa Marekani aliyetiwa hatiani na Seneti.

Kuhusu uchunguzi wenyewe Katiba iko kimya. Ni utaratibu ambao Bunge limejijengea: kamati zinaita mashahidi, zinadai nyaraka, na hati zake za wito zinapata uzito mkubwa zaidi mahakamani kwa sababu Bunge linatumia mamlaka yake ya juu kabisa dhidi ya Rais. Januari 2020, Wizara ya Sheria ya serikali ya Trump ilitoa maoni kwamba hati zilizotolewa kabla Bunge zima halijapiga kura hazina nguvu. Maoni hayo hayakufutwa, na mwaka 2023 mawakili wa Ikulu ya Biden wakayachukua vilevile yalivyo wakawarudishia Warepublikan. Chombo kilichoundwa kumkinga mmoja kikamkinga na mwingine.

Kwa hiyo anayefuatilia mabishano haya kwa kupima hoja za utaratibu atachoka bure. Hoja hizo zinahama upande kila Ikulu inapobadili mpangaji. Mimi naona kuna swali linalofaa zaidi: huyu mbunge, au huyu seneta, anamwogopa nani?

Chukua uchunguzi wa Biden. McCarthy hakuitisha kura kwa sababu kura hakuwa nazo. Warepublikan 18 walikuwa wamechaguliwa katika majimbo ya uchaguzi ambako mwaka 2020 Biden alimshinda Trump, na wengi wao hawakutaka kuonekana wakimwandama Rais ambaye wapigakura wao walimchagua. Upande wa pili palikuwa na wenye msimamo mkali waliokuwa wakimtishia McCarthy kwamba asipochachamaa watamwondoa kwenye kiti. Tamko bila kura lilikuwa njia ya katikati, nayo haikumsaidia: Oktoba 3 wanane wa chama chake walijiunga na Wademokrat, akang'olewa kwa kura 216 dhidi ya 210. Aliyemrithi, Mike Johnson, aliitisha kura Desemba 13, 2023. Matokeo yalikuwa 221 dhidi ya 212: kila Mrepublikan aliyepiga kura alisema ndiyo, kila Mdemokrat alisema hapana.

Je, ushahidi ulikuwa umeongezeka kiasi hicho ndani ya miezi mitatu? Madai yalikuwa kwamba familia ya Biden, hasa mwanawe Hunter, iliuza jina la mzee kwa wafanyabiashara wa Ukraine na China wakati alipokuwa Makamu wa Rais na baadaye. Kwamba Hunter alichuma kutokana na ukoo wake, hilo lilikuwa na mashiko. Kwamba Joe Biden mwenyewe alipokea kitu au alibadili sera kwa sababu hiyo, hapo ndipo kamati zilipokwama. Katika kikao cha kwanza cha hadhara, Septemba 28, Jonathan Turley, profesa wa sheria aliyeitwa na Warepublikan wenyewe, alisema ushahidi uliokuwapo hautoshi kumshtaki Rais, ingawa aliona uchunguzi una sababu. Februari 2024 mtoa habari aliyedai kwamba Biden alihongwa mamilioni, Alexander Smirnov, alishtakiwa kwa kulidanganya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na baadaye mwaka huo akakiri kosa.

Kilichobadilika kati ya Septemba na Desemba ni bei ya kura. Kura ya kuchunguza ni nafuu. Mbunge anarudi jimboni na majibu mawili mfukoni: wafuasi wa chama anawaambia "tunamchunguza", na wengine anawaambia "sijamshtaki mtu, natafuta ukweli". Kura ya kushtaki haina majibu mawili. Agosti 19, 2024 kamati tatu zilitoa ripoti ndefu iliyosema Biden ametenda makosa yanayostahili kushtakiwa. Tayari alikuwa amejitoa kwenye uchaguzi tangu Julai 21. Johnson hakuipeleka hoja ukumbini, na kwa wingi wake mwembamba hakuna aliyedhani ingepita.

Huo ni utii kwa chama katika hatua ya kwanza, ambao mara nyingi hauandikwi. Magazeti hukimbilia kura ya mwisho ya Seneti, lakini pale kwa kawaida mambo yameshaamuliwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukihitaji 67 kati ya 100, basi maseneta 34 wanatosha kumlinda Rais dhidi ya lolote lile. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna chama kilichofikisha viti 67 peke yake. Maana yake ni kwamba Rais hang'olewi na wapinzani wake. Wapinzani wanaweza kumshtaki, kumchafua, kumfanya akose usingizi, lakini kumng'oa ni kazi ya watu wa chama chake, na lazima wawe wengi.

Waandishi wa Katiba hawakuipanga hivyo kwa makusudi. Mwaka 1787 vyama kama tunavyovijua havikuwapo. Kule Philadelphia, George Mason wa Virginia alipendekeza Rais aweze kuondolewa hata kwa utawala mbovu. James Madison akapinga, akisema maneno mapana hivyo yatamfanya Rais akae madarakani kwa hisani ya Seneti. Hapo ndipo yakaingizwa hayo makosa mengine makubwa. Theluthi mbili iliwekwa kuzuia kisasi cha kundi. Alexander Hamilton aliona mbele zaidi: mwaka 1788 aliandika kwamba kesi za namna hii zitaigawa jamii makundi makundi, na kwamba hatari kubwa ni hukumu kufuata nguvu za makundi badala ya kosa au kutokuwa na kosa kwa mshtakiwa. Alijua ugonjwa, lakini dawa aliyotumaini ilikuwa heshima ya maseneta, ambao siku hizo waliteuliwa na mabunge ya majimbo na hawakupigiwa kura na wananchi.

Jaribio la kwanza lilikuja 1868. Andrew Johnson, aliyeingia Ikulu baada ya Abraham Lincoln kuuawa, aligombana na Bunge kuhusu haki za Weusi waliotoka utumwani na jinsi ya kuyarudisha majimbo ya Kusini. Bunge lilipitisha sheria ya kumzuia kufukuza mawaziri bila idhini ya Seneti, yeye akamfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, na Februari 24 akashtakiwa kwa kura 126 dhidi ya 47. Seneti ya Warepublikan ilipata 35 dhidi ya 19, pungufu ya kura moja. Warepublikan saba walikataa kufuata chama. Mmoja wao, James Grimes wa Iowa, alikuwa amepata kiharusi siku chache kabla na ilibidi abebwe kuletwa ukumbini. Simulizi za baadaye ziliwafanya saba hao mashujaa wa dhamiri. Sina hakika sana na ushujaa wote huo, kwa kuwa baadhi yao walihofia pia mtu ambaye angerithi urais, Benjamin Wade, aliyekuwa na maadui wake ndani ya chama hicho hicho.

Lakini mfano unaotajwa kila mara ni wa Richard Nixon, na ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini kwa sababu unatajwa vibaya. Simulizi inayopendwa ni hii: zamani wanasiasa walikuwa waungwana, Warepublikan walipoona Rais wao amekosa walitanguliza nchi, wakamwendea wakamwambia aondoke. Kipande cha mwisho ni kweli. Agosti 7, 1974 Seneta Barry Goldwater, Seneta Hugh Scott na kiongozi wa Warepublikan katika Bunge la Wawakilishi, John Rhodes, walikwenda Ikulu kumweleza hali ya kura. Za kumwokoa katika Seneti, kwa makadirio ya Goldwater, hazikufika 20. Kesho yake usiku Nixon alitangaza kujiuzulu, na Agosti 9 akaondoka.

Tatizo ni ilichukua muda gani kufika hapo. Watu watano waliohusishwa na kampeni ya Nixon walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate Juni 17, 1972. Novemba Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Julai 1973 msaidizi wake wa zamani, Alexander Butterfield, aliiambia kamati ya Seneti kwamba Ikulu ina mitambo inayorekodi mazungumzo yote. Oktoba 20 Nixon aliamuru mwendesha mashtaka maalumu, Archibald Cox, afukuzwe, na viongozi wawili wa juu wa Wizara ya Sheria wakaacha kazi kuliko kutekeleza. Hata baada ya hayo yote, Warepublikan wengi walisimama naye.

Februari 6, 1974 Bunge liliidhinisha uchunguzi kwa kura 410 dhidi ya 4. Takwimu hiyo huwatoa watu machozi wanapoilinganisha na leo, ila ilikuwa kura ya bei nafuu, kama nilivyoeleza: kuruhusu kamati ifanye kazi hakukumgharimu mtu kiti. Kazi yenyewe ilifanywa na Kamati ya Sheria iliyoongozwa na Peter Rodino, Mdemokrat wa New Jersey. Rodino alijua kwamba kura za Wademokrat 21 dhidi ya Warepublikan 17 zingeonekana ubabe mtupu. Alimchukua mwanasheria John Doar, ambaye ni Mrepublikan, awe mshauri mkuu; Doar na vijana wake walikaa miezi wakiandika kila tukio kwenye kadi, lini, nani, wapi, bila maneno ya kunogesha. Kisha kundi la wabunge saba likaanza kukutana faragha. Warepublikan wanne wa siasa za wastani, wakiwamo Tom Railsback wa Illinois na William Cohen wa Maine, walikaa na Wademokrat watatu wa Kusini, akiwamo Walter Flowers wa Alabama. Hawa wa Kusini walitoka sehemu ambazo Nixon alipendwa sana. Kwa hiyo kila mmoja chumbani alikuwa na watu wa kumkasirikia huko nyumbani.

Hapo ndipo siri ya 1974 ilipo, na haihusu uungwana. Vyama wakati ule vilikuwa vimechanganyika. Palikuwa na Wademokrat wahafidhina wa Kusini na Warepublikan wa mrengo huria wa Kaskazini Mashariki, na mbunge wa kawaida alihitaji kura za watu wa chama kingine ili arudi bungeni. Julai 27 kifungu cha kwanza cha mashtaka, cha kuzuia haki isitendeke, kilipita kwa 27 dhidi ya 11. Warepublikan sita walikiunga mkono. Yaani 11 kati ya 17 bado walikuwa na Nixon. Walichosubiri ni kanda. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamuru kwa kura 8 bila mpinzani kwamba kanda zitolewe, na Agosti 5 ikatoka ile ya Juni 23, 1972, ambamo Nixon anasikika akikubali FBI izuiwe kufuatilia kesi. Charles Wiggins wa California, mtetezi wake hodari kuliko wote ndani ya kamati, akasema sasa basi. Wote waliompigia kura ya kumwokoa wakageuka kwa siku chache.

Na gharama? Lawrence Hogan wa Maryland alikuwa Mrepublikan pekee aliyeunga mkono vifungu vyote vitatu vilivyopita. Alikuwa anautaka ugavana mwaka huo huo. Alishindwa katika mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama chake.

Kesi ya Clinton nitaipitia haraka, maana inaonyesha jambo moja tu. Oktoba 8, 1998 Wademokrat 31 waliungana na Warepublikan kufungua uchunguzi juu ya Rais wao aliyedanganya chini ya kiapo kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky. Novemba wananchi wakapiga kura, na chama cha Rais kikaongeza viti vitano, jambo adimu. Desemba 19 Bunge lilimshtaki. Siku zile zile kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 73 ya Wamarekani wanaridhika na utendaji wake. Mwanasiasa gani angemkimbia Rais mwenye asilimia 73? Februari 12, 1999 hakuna Mdemokrat hata mmoja aliyemtia hatiani, na Warepublikan 10 walijitenga na wenzao katika shtaka la kusema uongo. Arlen Specter wa Pennsylvania alitoa jibu la sheria za Scotland, kwamba haikuthibitishwa. Likaandikwa kuwa hana hatia.

Miaka 20 baadaye hali ya ndani ya vyama ilikuwa nyingine kabisa. Wahafidhina wa Kusini walikuwa wamehamia Republican, wale huria wa Kaskazini walikuwa wamehamia Democratic au wamestaafu, na majimbo mengi ya uchaguzi yalikuwa na mwenyewe, yaani chama kimoja chenye uhakika wa kushinda. Katika jimbo lenye mwenyewe, uchaguzi mkuu ni sherehe tu. Vita ni mchujo, ambako wanaojitokeza ni wachache na ndio wakereketwa.

Kwa kifaa hicho mkononi, tazama vikao vya Novemba 2019. Trump alikuwa amempigia simu Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine Julai 25, akamwomba achunguze mambo ya Biden, wakati msaada wa kijeshi wa karibu dola milioni 391 ukiwa umezuiwa. Waliotoa ushahidi walikuwa mabalozi na maofisa wa serikali yake mwenyewe. Luteni Kanali Alexander Vindman alikuja amevaa sare, akataja baba yake aliyewaleta watoto kutoka Umoja wa Kisovieti miaka 40 nyuma, akamwambia baba huyo asiwe na wasiwasi, hapa mtu akisema kweli hadhuriki. Gordon Sondland, balozi aliyechangia dola milioni moja katika sherehe za kumwapisha Trump, alisema waziwazi kwamba ndiyo, mkutano wa Ikulu ulikuwa wa nipe nikupe. Kila mbunge alipewa dakika tano. Wademokrat walizitumia kurudia jibu lililowafaa, Warepublikan walizitumia kuuliza kwa nini mtoa taarifa wa kwanza, aliyelifichua suala hilo, hajaletwa na kusema msaada uliachiwa Septemba 11 bila uchunguzi kufanyika. Ukitazama vikao vile leo utaona karibu hakuna aliyekuwa anamsemesha aliyekaa mbele yake. Walikuwa wanazungumza na nyumbani.

Desemba 18 Trump alishtakiwa kwa kutumia vibaya madaraka, 230 dhidi ya 197, bila Mrepublikan hata mmoja. Jeff Van Drew wa New Jersey, Mdemokrat, alipinga mashtaka hayo, na kesho yake akaonekana Ikulu pamoja na Trump akitangaza kuhamia Republican. Jimbo lake lilimpenda Trump. Mchujo wa Democratic ungemmeza. Hakuna aliyekuwa mkweli kuliko yeye kuhusu mahali utii unapotoka.

Januari 16, 2020 Jaji Mkuu John Roberts aliwaapisha maseneta kutenda haki bila upendeleo, kisha mmoja baada ya mwingine wakatia saini kitabu cha kiapo. Mwezi mmoja kabla, kiongozi wa Warepublikan, Mitch McConnell, alikuwa ameshasema hadharani kwamba yeye si mzee wa baraza asiyeegemea upande, huu ni mchakato wa kisiasa. Alilaumiwa sana. Binafsi naona alisema walichokijua wote 100. Mashahidi hawakuitwa, kura 51 dhidi ya 49. Februari 5 Trump akaachiwa, na Mitt Romney wa Utah akawa seneta wa kwanza katika historia kumtia hatiani Rais wa chama chake. Siku mbili baadaye Vindman aliondolewa Ikulu na Sondland akarudishwa kutoka kituo chake cha ubalozi.

Mara ya pili ilikuwa tofauti kwa sababu mashahidi walikuwa wabunge wenyewe, waliowakimbia wafuasi wa Trump waliovamia jengo la Bunge Januari 6, 2021. Wiki moja baadaye Warepublikan 10 walijiunga kumshtaki Trump, na Februari 13 maseneta saba wa chama chake walimtia hatiani. Kura 57, kumi pungufu. McConnell alipiga kura ya kumwachia kwa hoja kwamba ameshaondoka madarakani, kisha akasimama kusema Trump ndiye aliyebeba lawama za tukio lile.

Wale 10 ndio darasa. Wanne hawakugombea tena. Wanne waliangushwa katika mchujo wa 2022, akiwamo Liz Cheney wa Wyoming, binti wa Makamu wa Rais wa zamani na aliyekuwa namba tatu katika uongozi wa chama bungeni. Alipata chini ya theluthi ya kura. Tom Rice wa South Carolina, aliyekuwa akipiga kura na Trump karibu katika kila jambo, naye alienda na maji. Peter Meijer wa Michigan aliangushwa na John Gibbs, na Wademokrat, wale wale waliokuwa wakihubiri dhamiri, walilipia matangazo ya kumpa Gibbs umaarufu ili wakabiliane na mpinzani dhaifu mwezi Novemba. Hesabu yao ilikuwa sahihi, wakapata kiti. Sasa nenda kamshawishi Mrepublikan mwingine kwamba akifuata dhamiri upande wa pili utamthamini.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza kwa nini chama kisimfukuze tu mkaidi. Tanzania mbunge akipoteza uanachama anapoteza na kiti, kwa hiyo ile ibara ya 46A inayoruhusu Bunge kumshtaki Rais, pamoja na kamati yake ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu na theluthi mbili zake, inakutana na kufuli kabla hoja haijaandikwa. Marekani chama hakina ufunguo huo. Mbunge aliyefukuzwa uongozini, kama Cheney Mei 2021, anabaki mbunge hadi wapigakura waseme. Kenya, iliyo na muundo unaofanana na wa Marekani, ilionyesha Oktoba 2024 kwamba theluthi mbili hupatikana upesi pale utii unapoelekea Ikulu: Bunge la Taifa lilimshtaki Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa kura 281, na siku tisa baadaye Seneti ikakubali mashtaka matano kati ya 11. Wengi waliompigia kura walikuwa wa muungano uliomweka madarakani.

Haitoshi, basi, kusema wanasiasa wa Marekani ni waoga. Mwakilishi anayefuata matakwa ya waliomtuma anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na wapigakura milioni 74 wa Trump mwaka 2020 hawakuwa wa kufikirika. Swali ni wapigakura gani wanaohesabiwa, na hilo huamuliwa na kanuni za mchujo. Tazama waliopona kati ya wale 10. Dan Newhouse wa Washington na David Valadao wa California walitoka majimbo ambako wagombea wa vyama vyote hupambana katika mchujo mmoja na wawili wa juu husonga mbele. Newhouse alipata karibu robo tu ya kura, lakini wapinzani wake wa upande wa Trump waligawana zao, akapita. Seneta Lisa Murkowski wa Alaska alikuwa peke yake kati ya wale saba waliomtia Trump hatiani aliyekabili wapigakura mwaka 2022. Alaska ilikuwa imebadili kanuni miaka miwili nyuma: wanne wa juu wanasonga mbele, na mpigakura huwapanga kwa namba. Alimshinda mgombea wa Trump, Kelly Tshibaka, akisaidiwa na Wademokrat waliomwandika wa pili.

Bill Cassidy wa Louisiana, mwingine wa wale saba, alikaripiwa rasmi na chama chake siku ile ile ya kura. Louisiana kwa miaka mingi iliwachanganya wagombea wote katika kura moja, utaratibu uliompa seneta kama yeye nafasi ya kuomba kura nje ya chama. Januari 2024 bunge la jimbo hilo, lililoshikwa na Warepublikan, lilipitisha sheria ya kurudisha mchujo wa chama, ianze kutumika 2026, mwaka ambao kiti cha Cassidy kinagombewa.